Mutindi Alivyopata Shule

Mwaka ule wa njaa na mahindi ya manjano ya msaada, Mutindi alikuwa na miaka kumi na tano, na alimchukia ndugu yake.

Nzuki alikuwa na miaka kumi. Hakutembea, hakusema, hata shingo yake haikusimama. Alilazwa kwenye ngozi ya ng'ombe nyuma ya nyumba yao, nje ya Mutomo, akalishwa uji kijiko kwa kijiko, polepole, maana ukiharakisha ulimpalia. Baba yao, Mbuvi, alifanya kazi kwenye kituo cha petroli Mtito Andei na alionekana nyumbani Krismasi. Mama yao, Kalondu, alitoka alfajiri na punda kwenda kuchota maji kwenye mashimo ya mto mkavu, akarudi jua limeinama. Saa zote hizo Nzuki alikuwa wa Mutindi.

Mutindi alikuwa amepita mtihani wa darasa la saba kuliko wasichana wote wa shule yao. Kalondu alimwambia asubiri mvua, wavune wapate karo. Mvua haikuja. Wenzake wakaenda sekondari, yeye akabaki kufua matambara ya mvulana mkubwa.

Alianza kwa kumfinya mapajani, mahali palipofunikwa na nguo. Kisha akawa anamlisha haraka makusudi, amwone akikohoa machozi yakimtoka. Alimwinamia sikioni akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ungekufa ningekuwa shule." Nzuki, ambaye zamani alicheka akisikia sauti yake, sasa alilia akisikia nyayo zake. Hilo nalo lilimkasirisha.

Shule zilipofungwa Aprili, wenzake wawili walipita kumsalimia wakiwa na sweta mpya. Hawakukaa. Nzuki alikuwa amejichafua na anapiga kelele, na mmoja wao akaziba pua kwa mkono wa sweta. Walipoondoka, Mutindi alimshika Nzuki miguu, akamburuta hadi kwenye zizi la mbuzi, ambao wakati huo walikuwa malishoni. Akamwacha juani juu ya mavi makavu, akavuta miiba mlangoni. Alirudi ndani akakaa akisikiliza kelele mpaka zikaisha. Hakutoka kwenda kuangalia.

Kalondu alimkuta mwanawe midomo imepasuka, sisimizi wakimtembea machoni. Hakumpiga Mutindi. Alimimina maji yote ya mtungi mmoja, akamwosha Nzuki pale pale, na alipofika mapajani mkono wake ukasimama.

"Utaenda shule," alisema.

Mutindi alidhani hajasikia vizuri.

"Nikikuacha hapa utaniulia mtoto. Enda. Umeshinda."

Kalondu akauza punda, na Mutindi akaanza sekondari ya bweni Mei. Tangu hapo Kalondu alibeba maji mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, akienda na kurudi mara mbili kwa siku. Nzuki alifungiwa ndani peke yake.

Agosti, Mutindi alipokuja likizo, ngozi ya ng'ombe haikuwa nyuma ya nyumba. Alimkuta mama yake akichambua mahindi ya msaada, akamwuliza Nzuki yuko wapi. Kalondu alielekeza kwa kidevu, kule kwenye ua wa minyaa, akaendelea kuchambua. Kisha akaeleza kwa kifupi. Uji ulimrudi Nzuki kooni, ukamziba pumzi, na nyumbani hapakuwa na mtu. Watu wa kanisa walimzika Juni.

"Mbona hukuniita?"

"Ungekuja kufanya nini?"

Mutindi hakulia. Alitafuta huzuni moyoni akakuta hasira ile ile, ila sasa haikuwa na mtu wa kumshukia. Akachukua mtungi na kamba, akaenda mtoni.

Kalondu alipika kwa maji hayo, akampakulia binti yake, kisha akabeba sahani yake mwenyewe akaenda kula nje. Alikula hivyo likizo zote. Alikula hivyo hata miaka ya baadaye, Mutindi alipokuwa mwalimu Kyuso na kumletea sukari na leso mpya. Leso alizipokea kwa mikono miwili, na Mutindi akishaondoka, Kalondu aliwagawia majirani.