Udongo wa Nyumba ya Baba

Nilitoka Kasongo na viatu vya kuazima, nikarudi na diploma ya ujenzi. Hakuna aliyenisomesha. Lubumbashi nilibeba matofali mchana, jioni nikaingia darasani. Kwa hiyo nilipokuja kubomoa nyumba ya marehemu baba nijenge ya kudumu, sikutafuta mshauri. Nilimuuliza kaka yangu mkubwa tu, yaya kama tunavyosema kwetu, kwa sababu ndiye aliyebaki mle miaka yote akinunua dhahabu ya machimbo ya Salamabila.

"Yaya, iko kitu nijue juu ya hii nyumba?"

"Iko udongo na panya," akacheka. "Bomoa, Bwana Injenieri."

Kwetu udongo wa nyumba hautupwi. Ukuta ukianguka, wanawake wanakuja na mabeseni, maana ule umeshakandwa vizuri, haupasuki. Nikawaruhusu kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie ukarimu wangu. Wa kwanza alikuwa mama yetu. Alikandika jiko lake lote, kuta na sakafu. Kaka alikuwa amekaa kwenye mlango wa ua na chai yake. Mama alipopita na beseni kichwani, alikunja miguu ampishe.

Siku ya tatu kibarua mmoja, aliyewahi kuchimba dhahabu, aliacha koleo kwenye chumba cha nyuma.

"Patron, usiguse! Hii iko merkiri."

Vitone vya rangi ya fedha vilikuwa vinabingirika kwenye sakafu iliyovunjwa. Ni zebaki, dawa ya kukamatia dhahabu. Ukiichoma, moshi wake unaingia ukutani, na sumu yake inaharibu mwili polepole. Katika chumba kile dhahabu ilikuwa imechomwa miaka na miaka.

Nilifanya nilichofundishwa. Nilisimamisha kazi, nikawatoa watu, tukafunika lundo kwa plastiki kabla mvua haijaupeleka udongo kisimani. Kisha nikamwendea kaka.

"Ulijua."

"Nimechoma miaka yote, na niko muzima." Kikombe kiligonga sahani mkononi mwake. Mtetemeko ule nilikuwa nimeuita uzee.

"Na mama?"

"Ningesema, watu wangejua nimeharibu nyumba ya baba." Akanitazama. "Wewe uko na diploma. Mbona haukuona?"

Nilipita kwa majirani, nyumba kwa nyumba, nikiomba warudishe udongo niliowapa kwa kelele. Kwa mama nilifika mwisho. Alikuwa anapika sombe ya majani ya muhogo.

"Mama, toka humu. Udongo uko na sumu. Jiko tutalivunja."

"Kaka yako alijua?"

Mimi ninayejua kueleza kila kitu nilitazama kuta alizokandika. Mama akaipua sufuria, akaiweka nje, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ndiyo maana," akasema. "Tangu nikandike, kila nikimupelekea chakula, anakikataa, anasema tumbo linamuuma. Chai anajipikia mwenyewe."

Nikachukua nyundo. Mama hakuniuliza tena juu ya yaya, na sufuria ile akaenda kuimwaga mwenyewe.