Shikamoo ya Kahaso

Kahaso alikuwa na mdomo, hilo hata yeye mwenyewe hakulikana. Mbwa wake alimpa jina la Waseme, ili kila akimwita, wale jirani wa bara ya Msambweni waliokuwa wakimsengenya wajue kwamba habari zimemfikia. Alikuwa mbwa mwekundu, sikio moja limekatika, na mtu asiyetakiwa na Kahaso hakuukanyaga ua ule. Hakuna aliyemfundisha. Aliisikiliza sauti ya bibi yake tu, akajua.

Na asiyetakiwa kuliko wote alikuwa Garama, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Thoya alipokufa, Garama alitaka kumrithi mjane. Kahaso akamjibu mbele ya watu kwamba afadhali alale na jiwe. Basi Garama akasema, haya, mke simtaki tena, lakini minazi ni ya ndugu yangu. Minazi kumi na saba! Kahaso aliipanda kwa mikono yake, akaichotea maji kichwani na mimba tumboni. Tangu siku hiyo, miaka mitatu mizima, Garama hakuipata salamu yake. Wakipishana njiani, Kahaso aligeuza uso akatema mate. Wazee wa ukoo walikuwa wamempa Garama minazi, Kahaso akashtaki, na kesi ilikuwa isikizwe kwa chifu Alhamisi. Na kijiji kile kilikuwa na lake: waliogombana wakipeana mkono na kusameheana mbele ya watu, kesi imekufa, hairudi barazani tena.

Ndipo kikaingia kichaa cha mbwa. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa Uhuru, bendera bado mpya, na serikali yetu wenyewe ikaja na amri: mbwa wote wapelekwe joshoni Jumatatu, palepale ng'ombe wanapoogeshwa dawa, wadungwe sindano. Asiyedungwa atapigwa risasi. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo askari hakuja kufanya mzaha.

Kahaso akaenda, Waseme kamba shingoni. Bwana mifugo, kijana mpole aitwaye Mwero, alishika sindano. Na wa kuwashika mbwa miguu je? Garama! Ndiye aliyepewa kibarua.

"Mwingine hamna?" Kahaso akauliza.

Hakuwapo mwingine. Wengi waliosimama pale walikuwa Waislamu, mate ya mbwa wanayaepuka, na wawili waliojaribu asubuhi walikuwa wameng'atwa wakaenda zao. Garama akapiga hatua moja tu. Lo! Waseme aliruka akairarua suruali kuanzia goti mpaka chini. Askari akainua bunduki.

"Ngoja!" Mwero akapaza sauti. Akamgeukia Kahaso. "Mama, mbwa wako hana ubaya, anakulinda. Wewe umekaza kamba, umekaza na meno, naye anaona adui amekuja. Legeza kamba. Msalimie mzee huyu, umpe mkono, mbwa aone."

"Nimsalimie nani?"

"Mama, mimi sina dakika nyingi. Askari yule hana hata moja."

Kahaso akalegeza kamba. "Shikamoo," akasema, kama mtu anayetema shubiri. Waseme akazidi kunguruma. Angemdanganya nani? Sauti ile aliijua.

Akafumba macho, akatafuta jambo jema kwa Garama, moja tu, hata dogo. Likaja kubwa. Mwaka mmoja mwanawe Kahaso, Fondo, aliposhikwa na homa mpaka akawa haoni, ni Garama aliyempakia kwenye baiskeli, mvua inanyesha, akamfikisha hospitali, akalala nje siku mbili mpaka mtoto alipofumbua macho. Kahaso alikuwa amelifukia jambo hilo makusudi, maana linamharibia hasira.

"Shikamoo, shemeji," akasema, na sauti ikamtoka laini. "Ya nyuma yamepita." Akampa mkono.

"Marahaba, mke wa ndugu yangu," Garama akajibu, machozi yanamlenga.

Waseme akaunusa mkono ule, akalala chini. Mwero akamfunga mdomo kwa kipande cha leso, Garama akashika miguu, sindano ikaingia. Watu wakapiga makofi. Makofi! Kahaso aliposikia makofi ndipo alipojua amefanya nini. Muda wote ule alikuwa akimfikiria mbwa.

Alhamisi chifu akamwuliza, "Ulimpa mkono?"

"Nilikuwa namtuliza mbwa."

Baraza zima likaangua kicheko.

"Ulisema ya nyuma yamepita?"

"Nilisema, lakini kwa mdomo tu."

Garama akasimama, machozi ya Jumatatu yamekauka zamani. "Mara ya kwanza alisema kwa mdomo, mbwa akakataa. Mara ya pili mbwa alikubali. Mwulizeni bwana mifugo." Mwero akainamisha kichwa, akasema ni kweli.

Minazi ikaenda, yote kumi na saba. Na askari akamwonya Kahaso: mbwa yule akimrukia mtu tena, hakuna sindano wala maneno, ni risasi.

Kwa hiyo sikia mateso. Minazi ilikuwa nyuma ya nyumba yake. Kila Garama alipokuja kuangua nazi, Waseme alinyanyua kichwa akamtazama bibi yake, asikie atasema nini. Na Kahaso alisema, kwa sauti tamu, moyo unamchemka: "Shikamoo, shemeji, umeamkaje?" Mbwa akalaza kichwa. Miaka minane! Nazi zinaanguka, yeye anamwuliza hali ya watoto.

Waseme akafa kwa uzee. Kahaso alimzika mwenyewe, akaoga, akakaa mlangoni kumsubiri Garama. Maneno aliyoyaweka miaka minane aliyapanga yote, na mate aliyakusanya mdomoni. Garama akatokea na kamba yake begani.

"Shikamoo, shemeji," Kahaso akasema. "Umeamkaje?"

Ilimtoka yenyewe, laini vilevile. Garama akaitikia, akapita, akaanza kukwea. Kahaso akajifunika leso usoni, akalia, na kilio kile hakikuwa cha mbwa, kilikuwa cha mdomo wake.