Mtu wa Fotokopi Aliyekataa Fomu Yangu

Jumanne nilikwenda Kasapa, mbele ya chuo kikuu, kutoa nakala ya kitambulisho, nikakuta kibanda kimefungwa kwa kamba na mashine imefunikwa turubai. Mama anayeuza pembeni chikanda, ile keki ya viazi-pori na karanga, ambaye hajawahi kuniona bila kulitania tumbo langu, safari hii hakunitania. Alipangusa kisu chake, akasema: "Papa, hamukusikia? Mutu wa photocopie alikufa siku ya posho. Tulimuzika jana." Jumamosi, basi. Amekufa Jumamosi, amezikwa Jumatatu, na mimi nimekuja Jumanne kutafuta nakala. Nilisimama pale na kitambulisho mkononi, nikikumbuka jambo moja tu: mara ya mwisho tulipoonana nilimgombeza mbele ya watu, nikaondoka bila kuaga.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina kipaji cha kuwasifu wafu. Katika mji wetu mtu akifa hugeuka mwema ghafla, hata yule tuliyekuwa tukivuka barabara kumkwepa. Marehemu huyu hakuwa rafiki yangu. Tulijuana kama wanavyojuana mteja na fundi, kwa miaka inayokaribia thelathini, naye alikuwa mkaidi, mwepesi wa kununa, na jenereta yake ilimtia kikohozi kila aliyesimama karibu. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini ya Katanga, akasomeshwa na mapadri, na mapadri hao walimwachia mwandiko ambao sijaona mfano wake. Katika chuo kikuu chenyewe hakusoma hata siku moja. Lakini mbele ya chuo ndipo alipokaa, na mwandiko ule ndio uliomfanya ajulikane: familia zilimletea fomu za watoto wao azijaze, kwa kuamini kwamba fomu iliyoandikwa vizuri husomwa kwa heshima. Siku hizi wengi hujiandikisha kwa simu, ila wazazi bado wanataka karatasi wanayoweza kuishika.

Kwetu, matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, na kwa siku mbili mitaa hujaa vijana weupe kama waliotoka kinuni. Shangazi wanacheza, majirani wanapiga masufuria. Kabla poda haijaoshwa, baraza la familia limeshaketi. Upande wa baba huku, upande wa mama kule, mjomba kwenye kiti chenye mito. Mtoto mwenyewe huwa anaingia na kutoka akileta vinywaji, na mambo yake huyasikia vipande vipande kutoka kwenye korido. Hapo ndipo hutolewa hukumu ambayo nimeisikia katika nyumba nyingi, na kwa aibu nasema nimewahi kuitoa mwenyewe: "Pourcentage ya hivi haiwezi kutupwa mu Lettres," yaani alama kama hizi zisipotezwe kwenye lugha na fasihi. Kana kwamba alama ni kitambaa cha sikukuu kisichofaa kuvaliwa jikoni. Mwenye alama za juu anapelekwa udaktari au uhandisi, mwenye za katikati sheria au uchumi, na aliyeponea chupuchupu anaambiwa akawe mwalimu, awafundishe hao watakaopata alama za juu. Ni alama zinazochagua. Mtoto anazibeba tu.

Marehemu alikuwa na kawaida yake, nayo iliwaudhi wengi. Aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa mapadri: jina, siku ya kuzaliwa, shule, majina ya wazazi. Akifika kwenye mstari wa chaguo la kwanza, aliigeuza fomu, akaisogeza kwa mtoto na kumpa kalamu. Siku moja nilikuwa hapo ilipofika familia ya watu sita kutoka mtaa wa Katuba wakiwa na binti yao, poda bado imemkaa nyuma ya sikio. Baba, aliyetaka uhandisi, akasema, "Andika Polytechnique." Marehemu akaigeuza fomu. "Bic iyi hapa, mama. Andika weye." Binti alimtazama baba, akamtazama mjomba, kisha akaandika polepole sana, herufi moja moja: Vétérinaire. Baba aliisoma kwa sauti. "Vétérinaire? Weye unaenda kutunza mbwa ya bantu?" Mjomba yeye alimgeukia mwenye mashine: "We muzee, nani alikuingiza mu conseil yetu ya familia?" Marehemu akajibu bila kuinua uso, "Hakuna. Na mutoto, nani alimuingiza?" Walichana ile fomu, wakaenda kibanda cha pili, na huko ikaandikwa walichotaka. Nilicheka sana. Nilimwambia atafukuza wateja wote, abaki yeye na moshi wake. Hakucheka. Alizima jenereta, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akanisimulia habari za mwanawe.

Alikuwa na mtoto wa kiume mmoja, mpenzi wa injini. Tangu mdogo aliifungua jenereta ya kibanda na kuirudisha ikiwa nzima. Alipomaliza sekondari alitaka kwenda Kilwa, ile ya kwetu Katanga kando ya ziwa, kwa baba yake mdogo, ajifunze kutengeneza mashine za mitumbwi ya ziwani. Baba mtu hakutaka kusikia. Magari ya mgodi wa Kinsevere yalikuwa yakipita kila siku, na ndani yake aliwaona wahandisi wenye kofia nyeupe. Kichwani mwake mmoja wao alishakuwa na sura ya mwanawe. Siku moja kijana alipokuwa kwenye foleni ya maji, baba alichukua fomu akaijaza peke yake, Polytechnique, kwa mwandiko mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Kijana aliporudi na madumu yake alikuta kazi imekwisha. "Aliniambia merci, papa," marehemu alinieleza. "Nikafikiri iko na furaha."

Mwaka wa kwanza kijana alianguka. Akarudia, akaanguka tena, na baada ya hapo hakujiandikisha na hakumwambia mtu. Lakini kila asubuhi alipita kibandani na mkoba begani, akamwamkia baba yake na kuelekea chuoni, na baba akawaambia wateja, "Ule njo ingénieur wangu." Miaka miwili ikapita hivyo. Sasa sikilizeni jambo lililomla mtu huyu. Orodha za matokeo za vitivo vingi zililetwa kwake zitolewe nakala. Majina yote yalipita chini ya viganja vyake, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuwahi kulitafuta jina la mwanawe, kwa kuwa aliona ni aibu baba kumpeleleza mtoto. Mwaka huo alitafuta, si kwa shaka, bali alitaka amnunulie kuku kabla hajaambiwa. Hakuliona jina. Unadhani aliwaza nini? Aliwaza kwamba kuna ukurasa umepotea. Alifunga kibanda saa nne asubuhi, akaenda kwa miguu hadi ofisini kuuomba ukurasa uliobaki. Wakamwambia kurasa zimetimia. Akabishana nao, akarudi, akazihesabu upya moja moja. Alasiri mwanawe alipopita kumwamkia, alimuuliza kama anajua ulipo ule ukurasa. Kijana akaweka mkoba chini. "Papa, hakuna page ya kupotea. Jina yangu haikuko." Wiki ile ile alipanda lori la Kilwa. Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena, na tangu siku hiyo marehemu alianza kugeuza fomu za watoto wa wengine.

Sitaki kuwafanya wazazi wetu kuwa madhalimu, maana mimi ni mmoja wao. Mji huu ulijengwa na watu waliopangiwa kazi: mgodi ulimchukua mtu kijijini, ukampa nyumba, ukampa posho, ukamwambia asubuhi ashuke shimo gani. Babu zetu hawakuulizwa wanapenda nini, na bado walikula. Kisha kazi zile zikapungua, na wajukuu wao tukaona mwalimu akikaa miezi bila mshahara na daktari akiuza vocha za simu. Anayemsukuma mwanawe kwenye uhandisi anaogopa njaa, na hofu hiyo haijatungwa, iko mlangoni. Lakini waliotutangulia walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tumezua ajabu kubwa zaidi: tunamtoa mtoto nje ya baraza lake mwenyewe, kisha tunamlaumu kwa kutokuwa na neno.

Nilisema nilimgombeza. Dada yangu ana binti, ninaishi naye tangu akiwa na miaka tisa, na mwaka huu amefaulu kwa alama ambazo ziliwafanya majirani waishiwe poda. Baraza lilikaa sebuleni kwangu, mimi nikiwa kwenye kile kiti chenye mito. Tuliamua udaktari. Nilijaza fomu mwenyewe, mimi ninayeishi kwa kuandika, kisha nikaipeleka kwa marehemu anitolee nakala mbili. Aliisoma yote. Akauliza, "Mutoto iko wapi?" Nikamwambia yuko nyumbani, anapika. Akanirudishia karatasi. "Mashine ilikufa," alisema, na mashine inanguruma nyuma yake. Nilimwita mzee wa kiburi. Nilimwambia kwamba aliyeshindwa na mwanawe mmoja hana la kunifundisha. Ndiyo, nililisema hilo, mbele ya mama wa chikanda na wanafunzi wanne. Alichukua fomu nyingine tupu kutoka kwenye droo, akaiweka juu ya ile yangu, na nilipoona watu wanatazama nilizibeba zote mbili nikaondoka. Zilikuwa siku kumi na moja kabla hajafa.

Jumatano nilikwenda kilioni. Chini ya hema, mbali na wazee, alikaa mtu wa miaka arobaini hivi, kucha zake zina weusi wa oili usiotoka kwa sabuni, na nilimjua kwa kidevu cha baba yake. Nikampa pole. Akasema, "Njia ya Kilwa ni mubaya, papa. Nilifika balishamuzika." Nilimweleza kwamba nilikuwa mteja wa baba yake, na alipoona sina haraka akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa hajamwambia mtu. "Mwaka jana alinitumia fiche na chauffeur mumoja. Fiche ya inscription, fomu ya chuo. Aliandika jina yangu, siku ya kuzaliwa, yote. Ku mustari ya choix njo hakuandika kitu. Nikafikiri anataka nirudie masomo, miye na batoto wanne. Nilikasirika, sikumujibu."

Basi nikamsimulia. Nilimsimulia jinsi baba yake alivyokuwa akiandika hadi mstari ule kisha akaigeuza karatasi, habari za binti wa mifugo na fomu iliyochanwa, na namna alivyonikatalia mimi. Hakuwa amejua hata moja. Alinisikiliza ametazama chini, kisha akauliza, "Kweli? Alikuwa anabapatia bic?" Nikasema kweli, kila mtoto. Akaanza kujikwangua oili kwenye kucha. "Njo maana aliweka na bic mu enveloppe," alisema, kisha akajifunika uso kwa mikono ile myeusi, na mimi nikalia naye, mtu niliyekuwa nimemtupia baba yake maneno yale.

Nilirudi nyumbani nikachana fomu niliyokuwa nimejaza. Nilimwita mpwa wangu, nikamkalisha kwenye kiti chenye mito, nikaweka mbele yake ile fomu tupu ya marehemu na kalamu. Nilijiona mtu mzuri sana kwa dakika moja. Alishika kalamu vizuri, akainamisha kichwa, tayari, kama alivyofundishwa tangu utoto wake katika nyumba hii. Kisha akaniuliza kwa adabu: "Niandike nini, mujomba?"

Nikamwambia aandike anachotaka yeye. Akanitazama, akatafuta usoni mwangu jibu ninalolitaka, na alipolikosa machozi yakamtoka. Miaka minane nimemlisha, nimemvalisha, nimekagua madaftari yake kila Jumapili, na sikuwahi kumuuliza swali ambalo jibu lake sikuwa nalo tayari. Marehemu aliweza kunipa fomu tupu. Mtoto wa kuijaza ilinipasa nimlee mimi. Wenzangu wenye watoto wadogo, anzeni kuuliza leo, kwa mambo madogo, na mkubali majibu msiyoyapenda, maana kalamu ikitolewa siku ya fomu inakuta mkono uliokwisha zoea kuandikiwa. Kwangu fomu bado iko mezani. Usajili unakaribia kufungwa, dada yangu anapiga simu kila siku, na mtoto hupita asubuhi, huisoma kidogo, huiacha. Mimi nakaa kimya na kumsubiri.