Mwavuli wa Bafuni

"Hivi kaka yako anaoga na mwavuli, au ni macho yangu?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo asubuhi moja, kabla hata hatujamaliza salamu, maana alikuwa ndio kwanza ameshuka kwenye waya. Nikamwambia macho yake ni mazima.

Waya ndivyo tunavyoviita vile vibanda vya vioo vinavyoning'inia juu ya mapaa yetu, vikipanda mlimani na kushuka mjini kutwa nzima. Zamani mtu wa huku juu akitoka sokoni alipanda ngazi na mizigo yake, akimtaja Mungu kila kona. Siku hizi anaingia kibandani, mlango unafungwa, anakaa kutazama nyua za wenzake. Ni neema kubwa, sina la kusema. Ila waliopima njia ya waya walipima nguzo. Bafu la kaka yangu hawakulipima.

Kaka ni fundi viatu, na waya haukumfurahisha tangu mwanzo. Watu walipoacha ngazi, soli zao ziliacha kuisha. Baadaye aliona kibanda hakisimami stendi, kinapunguza mwendo tu, na wenye viatu vya kisigino wanakirukia. Akahamishia kigoda chake mlangoni pa stendi, kazi ikarudi. Lakini kupanda mwenyewe, hapana. Alishuka kwa miguu na kupanda kwa miguu.

Bafu lake liko uani. Alilijenga mwenyewe wakati mkewe yu hai: kuta nne, mlango wa bati, juu wazi. Alisema jua linakausha sakafu, na mtu akioga anajua kama leo kuna mvua. Siku waya ulipoanza, alikuwa amejipaka sabuni mwili mzima. Aliona kivuli kinapita, akainua kichwa, akakuta kibanda kimejaa wanafunzi wanampungia mkono. Kwa kukosa la kufanya, naye akawapungia.

Tulidhani ataezeka. Watu wa waya wenyewe walimletea mabati, kwa heshima zote. Akawashukuru, akaezekea banda la kuku. Kesho yake akaingia bafuni na mwavuli mwekundu wa marehemu mkewe, mkono mmoja mwavuli, mkono mwingine kopo. Sabuni alijipakaje, sikuuliza.

Wakamwita Mzee wa Mwavuli. Waendao kazini walimzoea kama watu wanavyozoea king'ora cha kiwanda. Wakiuona mwavuli unazunguka pale chini, wanajua hawajachelewa. Wakiuona umeanikwa kwenye kamba, wanaanza kutunga uongo wa kumwambia bosi.

Aliyeumia ni binti yake. Ameolewa juu kabisa mlimani, na mama mkwe wake huteremka na waya kila asubuhi kwenda kwenye cherehani yake mjini. Binti akaja kwa baba yake macho mekundu.

"Baba, mama anapita hapo juu."

"Asitazame chini."

"Kile kibanda ni kioo mpaka miguuni, baba."

Kaka akafikiri. "Basi akae upande wa pili."

Mama huyo, mkwe wetu, alishaapa mbele ya watu kwamba tangu azaliwe hajawahi kutazama huko chini, na kwamba njia nzima yeye husali. Binti hakutulia. Akanituma mimi, shangazi mtu. Nilikwenda, nikasema na kaka taratibu, nikamkumbusha kuwa heshima ya mtu ni stara yake. Akanisikiliza vizuri, kisha akanipa kiatu changu alichokuwa amekishona. Hapo binti akaweka neno la mwisho: Jumamosi fundi paa anakuja, na akikuta mlango umefungwa, baba atahamia kwake mlimani, akaoge ndani kama watu. Kaka nyumba ile hajawahi kulala nje yake tangu aoe. Wiki ile hakutania mtu.

Ijumaa asubuhi mkwe wetu aliposhuka stendi ya chini, hakwenda kwenye cherehani. Alimwendea mfunga milango ya vibanda, akasimama mbele yake akikunja na kukunjua kitambaa. Mwisho akasema, "Mwavuli umelala."

Mfunga milango hakuuliza mwavuli gani.  Mmoja kwenye foleni akauliza, "Mama, wewe si huwa unasali?"

"Leo nimesali macho wazi," akajibu. "Pigeni simu."

Simu ikanifikia, nikakimbia, nikamkuta kaka kwenye sakafu ya bafu, mguu umevunjika, amejifunika mwavuli uliopinda mbavu. Sabuni ilikuwa mlangoni. Kwa kuwa anaishi peke yake, angelala pale hadi nani ajue. Nikamfunga shuka. Kitu cha kwanza aliniuliza nani kamwona. Nikamwambia. Akafumba macho.

Gari halifiki kwenye ngazi zetu, kwa hiyo tulimbeba hadi stendi ya katikati, na waya ukasimamishwa aingizwe. Binti alikuwa ameshateremka, na mkwe wetu amepanda tena kutufuata. Tukamlaza chini kwenye kioo. Kibanda kikapita juu ya nyumba yake, naye akatazama uso ukiwa umegusa kioo, mpaka paa la banda la kuku likapotea.

"Kumbe kila kitu kinaonekana," akasema.

"Mimi naona mwavuli tu, mkwe," akasema mkwe wetu, akitazama upande mwingine.

Hospitalini, mguu ulipokwisha kufungwa, binti alitoa simu ili amwahimize fundi paa. Mkwe wetu akamshika mkono.

"Akishaezeka, mwanangu, siku nyingine baba yako akianguka nani atamwona?"

Binti alitutazama mmoja mmoja. Mimi nilitazama dirishani. Akairudisha simu mkobani, kisha akamwuliza baba yake anataka aletewe nini kutoka nyumbani.

"Nyumbani sitaki kitu," kaka akasema. "Naomba mninunulie mwavuli mwingine. Uwe mwekundu kama ule, wanaopita wasinipoteze."