Tuta la Delbert na Mbuzi Wanaoanguka

Delbert Oakley alikuwa mtu asiyependa makelele, jambo la ajabu kwa mpenda bunduki. Maisha yake yote ya kazi aliendesha lori la gesi katika vilima vya kusini mwa Tennessee, akijaza matangi ya watu na kusikiliza malalamiko yao. Alipostaafu, hakutaka safari wala mashua. Alitaka kulala kifudifudi na bunduki yake ndogo, avute pumzi, aiachie polepole, kisha atoboe karatasi pale pale alipokusudia. Basi.

Kwa miaka mingi alikuwa akienda klabu ya walenga shabaha ya mjini. Lakini klabu ilikuwa imevamiwa na watu wenye mabunduki ya kutikisa mabati, na nyuma yake hakukosekana mtu wa kumfundisha namna ya kuweka kiwiko. Jumamosi moja ganda la risasi la mtu wa pembeni liliruka likiwa bado la moto, likamwingia kwenye kola. Alirudi nyumbani shingo imevimba na uso umemwiva kwa hasira.

"Nadine," alimwambia mkewe, "mimi nina shamba. Nina kilima. Kule naenda kutafuta nini?"

"Na mimi nimekuwa nikijiuliza hivyo hivyo," Nadine alijibu, akiendelea kumenya maharage mabichi.

Delbert alitaka mambo yaende kwa haki, akaenda kuuliza ofisi ya wilaya kama anaruhusiwa kujenga uwanja wa shabaha shambani kwake. Huko akaambiwa si kazi yao, aende kwa polisi. Askari aliyemkuta alikuwa anakula mkate uliojaa soseji, wala hakuuweka chini.

"Ardhi ni yako?"

"Yangu, tangu enzi za babu."

"Nyuma ya shabaha kuna nini?"

"Kilima."

"Na nyuma ya kilima?"

"Kilima kingine."

"Sasa unaniuliza nini, mzee? Risasi zako zibaki kwako, na sisi tutabaki marafiki."

Kazi ya kuinua tuta la kuzuia risasi akampa shemeji yake Rondal, kaka wa Nadine, mwenye tingatinga. Alimwonyesha kila kitu kwa kidole: shabaha zikae upande wa kaskazini ili jua lisimpige machoni, kilima kiwe nyuma yake, na tuta liwe la udongo mtupu, maana jiwe hurudisha risasi kwa mwenyewe. Rondal aliitikia kwa kichwa mpaka kofia ikamshuka. Kesho yake Delbert akaenda kung'olewa jino. Aliporudi, shavu limekufa ganzi, alikuta tuta limesimama, kubwa, zuri, upande wa magharibi.

"Rondal! Si nilikwambia kaskazini?"

"Udongo wa huku laini, shemeji. Kule tingatinga lilikuwa linalalamika."

"Nyuma ya hili tuta kuna barabara!"

"Tuta lenyewe refu."

"Barabara ya kanisani, Rondal!"

"Aa, waumini wenyewe siku hizi wangapi?"

Delbert aligeuka akaingia ndani, kwa sababu mdomo uliokufa ganzi ulikuwa umeanza kutoa mate. Tuta likabomolewa, likajengwa upya kaskazini, safari hii likiwa na mawe kama maandazi kwenye chai. Majira yote ya kuchipua yalimwishia akiyachokoa kwa mikono, magoti chini, huku Rondal akipita na kumwambia kwamba anajitesa bure. Alitengeneza benchi, akasimamisha mlingoti wa bendera nyekundu ya kuonya watu, akabandika tangazo kwenye lango.

Asubuhi aliyoingoja ikafika. Hewa imetulia, umande umekauka. Delbert alipandisha bendera, akalala, akavuta pumzi. Pa! Karatasi ilitoboka karibu kabisa na kitovu chake. Alitabasamu peke yake kama bwana harusi. Pa! Ya pili ikaingia jirani na ya kwanza. Alikuwa anaandaa ya tatu aliposikia sauti upande wa mashariki:

"Delbert Oakley! Unaniulia mbuzi wangu!"

Alitoa risasi kwenye bunduki, akaiacha wazi kwenye benchi, akakimbia kama mtu aliyesahau umri wake. Kwenye uzio alimkuta jirani yake Erma Jean Tidwell, mjane, mikono kiunoni, na nyuma yake mbuzi wamelala ubavu, miguu imekakamaa kama meza zilizopinduliwa. Delbert alitazama tuta lake, akatazama mbuzi. Haikuwezekana. Risasi zilielekea kwingine kabisa.

Hapo mbuzi mmoja akatikisa sikio, akainuka, akaendelea kula. Wenzake nao wakafuata.

"Erma Jean," Delbert alisema akihema, "hawa ni wale mbuzi wa kuzimia wakishtuka?"

"Ndiyo. Nimewanunua majira ya baridi."

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa."

"Wataanguka tena ukipiga tena."

"Ndiyo asili yao, mama! Hata ukibamiza mlango wanaanguka!"

"Mlango ni wangu. Naubamiza nikitaka mimi."

Nadine ndiye aliyeleta suluhu, na Delbert aliijutia kabla haijafika jioni: kila anapotaka kulenga shabaha, ampigie simu Erma Jean kwanza, naye awaingize mbuzi zizini. Simu yenyewe ilikuwa mateso. Erma Jean alikuwa akipokea, anasema subiri, kisha anaanza habari za nyonga yake, za dada yake Maybelle, na za mchungaji mpya anayehubiri muda mrefu kana kwamba watu hawajaacha nyama kwenye oveni. Mbuzi walipokuwa zizini, upepo ulikuwa umeshaanza, au mvua, au Nadine alikuwa anaita watu mezani.

"Nimejenga uwanja wa kupiga simu," Delbert alinung'unika, akichovya mkate wa mahindi kwenye maharage.

"Si ulitaka utulivu?" Nadine alimjibu.

Polepole simu zikalegea. Erma Jean alichoka kukimbizana na mbuzi, Delbert alichoka kusikia habari za nyonga. Akawa anapiga tu, na mbuzi wanaanguka tu, na hakuna aliyelalamika. Kiangazi kikapita hivyo. Delbert alianza kuamini kwamba amepata amani.

Kisha Erma Jean akaja tena. Hakuja uzioni, alikuja mpaka barazani na kubisha kwa kiganja kizima.

"Umeniharibia mbuzi!"

"Nimefanya nini tena?"

"Hawaanguki!"

Delbert aliketi. "Sema tena."

"Leo wamekuja wageni kutoka Nashville, familia nzima, kununua. Watu hununua mbuzi hawa kwa sababu ya kuanguka, Delbert! Nimefungua mwavuli ghafla mbele ya mbuzi. Wakautazama tu. Nimegonga ndoo kwa nguvu zangu zote. Beberu akanijia, akidhani namletea chakula! Wale watu wameniangalia kama tapeli, wakaingia garini."

Ndani ya nyumba Nadine alisikika akikohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

"Mwanzo ulikuja hapa kwa sababu wanaanguka," Delbert alisema, sauti ikianza kupanda.

"Ndiyo."

"Sasa umekuja kwa sababu hawaanguki."

"Ndiyo!"

"Basi niambie, mama, nipige au nisipige?"

Erma Jean alifungua mdomo, akaufunga. "Sijui!" alisema hatimaye, na machozi yakamlengalenga. "Ninachojua, mbuzi hawa ndio waliokuwa wananipa sababu ya kuamka tangu Hollis afariki. Watu walikuwa wanakuja. Wanacheka. Wanakaa kunywa chai ya barafu."

Delbert alivuta kiti kingine, akamwambia aketi.

Kulikuwa na vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa karibuni, ambavyo havijazoea mlio wa bunduki. Maybelle, dada yake Erma Jean, alikuwa na malisho upande wa pili wa bonde. Vikae huko mpaka vipate wanunuzi, walikubaliana, na wageni wapelekwe huko huko. Na dereva? Erma Jean alimtazama Delbert. Nadine naye alitoka mlangoni, akamtazama.

"Sawa," Delbert alisema. "Sawa, sawa."

Alivipakia mwenyewe kwenye gari lake la mizigo. Alipofunga mlango wa nyuma, vyote vikaanguka. Akangoja viinuke. Alipowasha injini, vikaanguka. Kila shimo la barabara, puu, chini. Aliendesha kwa mwendo wa gari la maiti, na nyuma yake msururu wa magari ukarefuka mpaka kijana mmoja akampita akichungulia.

"Mzee, umebeba mizoga?"

"Wazima!"

"Mbona miguu juu?"

"Endesha gari lako!"

Jioni ile alirudi, akapandisha bendera, akalala kwenye mkeka wake. Mbuzi wakubwa wa Erma Jean walisimama uzioni wakitafuna, hawana habari. Ghadhabu za mchana zilikuwa bado hazijamtoka, na risasi zikatapakaa karatasi nzima kama nzi.

Rondal alikuja akasimama nyuma yake, mikono mifukoni.

"Shemeji, tatizo ni kiwiko chako."