Daraja la Watu Wanane

Wachuma chai wanapita na vikapu mgongoni. Valentine Nyangate yuko chini bondeni, mpakani mwa Kisii na Nyamira, akipima upya nguzo za daraja lililofungwa kwa miiba. Wanampita kama kisiki, hata salamu hawampi. Safari yao ya dakika tano sasa ni saa moja na nusu, kwa kuzungukia Keroka.

Daraja hilo la waenda kwa miguu alilibuni mwenyewe. Ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Keroka, mwenye umri wa miaka thelathini na sita. Lori haliwezi kushuka mteremko ule, kwa hiyo alitaka kila kipande kibebwe begani na mtu mmoja.

"Bomba moja ilikuwa kilo kumi na nane tu," anasema. "Nilihesabu wachuma chai, nikahesabu hata majani kwa kikapu. Watu wanane tu wavuke kwa mara moja. Nikaandika hapo kwa kibao."

Mazishi hakuyafikiria kabisa.

Mwezi Aprili, jeneza la mzee Ogoti lilitoka mochari kurudi nyumbani ng'ambo ya mto. Huku maiti hasindikizwi kwa zamu. Wabebaji walikanyaga daraja, na ukoo mzima ukafuata ukiimba, watu zaidi ya arobaini. Waya ulioshikilia daraja upande wa Nyamira ukachomoka. Hakufa mtu, lakini Jethro, mpwa wa marehemu, alivunjika mguu, na jeneza likatumbukia mtoni.

"Mimi nilizaliwa hapa. Nimesindikiza maiti wangapi?" Valentine anauliza, machozi yakimlengalenga. "Mhandisi wa kutoka mbali akisahau, sawa. Lakini mimi?"

Alikwenda kumwomba msamaha mjane, Nyaboke. Alipewa kiti, chai hakupewa, na kwa watu wa huku hilo ni jibu tosha.

"Mtoto wangu, sina ubaya na wewe," mama huyo alimwambia hatimaye. "Lakini nilizika mzee akiwa amelowa maji. Hiyo daraja sitapanda."

Valentine amechora upya: nyaya nene, mabomba mazito, watu hamsini na jeneza. Mabomba yenyewe yamelala juu ya mteremko, yameanza kushika kutu. Majirani waliobeba yale ya kwanza kwa vigelegele sasa kila mmoja anaumwa mgongo. Inauma kumtazama.

"Bomba ya sasa inataka watu wanne," anasema, akifunga kamba begani. "Nimepata mmoja tu, na huyo ni mimi."