Mafua na Ng'ombe Yetu

Juma iliyopita tulizika muimbaji mumoja huko Lushebere. Watu hawakuwa wengi. Vijana walileta spika kubwa wakapiga nyimbo za wengine, maana za marehemu hakuna aliyekuwa nazo. Mutu aliimba maisha yake yote na hakuna hata sahani moja ya gramofoni iliyobaki. Mimi sikulia, nimezika wengi. Lakini kulikuwa na jambo moja nililoficha tangu utoto, na siku ile nilichoka kulificha.

Kama una umri wangu utakumbuka Masisi ya wakati wa Wabelgiji. Asubuhi ukungu unafunika kilima mupaka huoni ng'ombe, unasikia tu wanavyotafuna. Tulikula viazi na maharagi, na maziwa ya kuganda yaliyonuka moshi, maana bibi yetu, mama ya mama, alifukiza vibuyu kila siku. Ukivigusa na mikono michafu unapigwa. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ndama.

Muimbaji huyo alikuwa ametoka Walikale, kwenye kazi ya madini. Wengine walirudi na baiskeli, yeye akarudi na gitaa. Aliimba polepole, kwa sauti ya chini, kama anaongea na mutu mumoja tu. Kwetu wimbo ilikuwa ngoma na makofi. Kama sauti yako haifiki kilima cha pili, watu wanasema hujala. Kwenye arusi moja, yeye akiwa katikati ya wimbo, nikamuuliza bibi kwa nguvu: «Huyu papa iko na mafua?» Arusi yote ikacheka. Bwana arusi alimwaga pombe kwenye koti. Tangu siku ile jina lake likawa Mafua, na hata watoto wa watoto walimuita hivyo. Mimi njo nilimubatiza.

Mwaka uliofuata mama alikufa akizaa mudogo wangu. Ng'ombe wa kukamuliwa tulikuwa naye mumoja tu, na ndama yake ilikuwa imekufa juma lile lile. Ng'ombe akifiwa hivyo anafunga maziwa. Mujomba alifanya kama desturi: akachukua ngozi ya ndama, akaipaka chumvi, akaiweka mbele ya ng'ombe ailambe, azani mutoto wake yupo. Alilamba chumvi yote, kisha akapiga teke chombo cha kukamulia. Siku mbili mudogo wangu alinyonya kitambaa chenye maji. Siku ya tatu hakulia tena, na bibi akaanza kuchagua nguo ya kumuzikia.

Mafua alikuwa anapita njiani na gitaa yake. Mujomba akamuita kwa kumuchezea: «Papa Mafua, kuya uimbie ng'ombe. Yeye hatakucheka.»

Hakukasirika. Aliegemeza gitaa kwenye ua, akachuchumaa karibu na shingo ya ng'ombe, akaimba. Maneno hayakuwepo, nilikuja kujua baadaye, ni sauti tu na jina la ng'ombe. Sisi tuliosimama nje ya ua hatukusikia kitu. Ng'ombe alisikia. Masikio yalilegea, na mujomba aliyekuwa anakamua akasema bila kuinua kichwa: «Yanashuka. Usiache.»

Alikuja asubuhi na jioni mupaka ng'ombe akazoea. Siku moja nilikuwa nimeshika chombo, akaniangalia. «Unaona, dada? Mafua yangu njo inanywesha mudogo yako.» Nilitaka kuomba musamaha. Nikacheka, nikakimbia.

Mudogo nilimubeba mugongoni mimi, nikimuimbia wimbo ule nilioushika pale kwa ng'ombe, na alilala kwa huo tu. Alipopata akili akaniuliza ni wimbo ya nani. Nilisikia haya kutaja jina nililoanzisha mwenyewe. Nikasema: ya mama. Akaishika hivyo. Amekamua ng'ombe miaka yote akiiimba, na watoto wake wanajua ni wimbo ya bibi yao.

Ng'ombe wa wakati ule hawapo tena. Vibuyu vimekuwa bidoni za plastiki, na pale arusi ilipofanyika kuna mahema ya wakimbizi. Ngozi ya ndama na chumvi, ukiwaelezea vijana wanakuona muchawi. Wimbo tu njo ulibaki, na ulibaki na jina la uongo.

Tukitoka makaburini, mudogo wangu, sasa muzee wa mvi, alikuwa anauimba kidogo kidogo, bila kujua. Nikasimama.

«Hiyo wimbo si ya mama,» nikamuambia. «Ni ya huyu tumetoka kuzika.» Nikamuelezea yote, ng'ombe, ngozi, arusi, na uongo wangu.

Hakunitukana, na afazali angenitukana. Aliuliza tu: «Jina yake ya kweli ni nani?»

Padri alikuwa amelisoma mbele yetu sote. Mimi sikulishika.

Tukarudi kaburini. Kwenye musalaba rangi ya jina lake ilikuwa haijakauka. Mimi shule niliishia mwaka wa pili, nasoma kama mutu anayevuka muto kwa mawe. Yeye njo alisoma, mara mbili, kwa sauti ya chini.